Petroli ya okteni ya juu kwenye pikapu: inaongeza nguvu na kupunguza ulaji, au tunajifariji tu?

MvutaTela

Wakuu, heshima kwenu.

Nina pikapu ya petroli, silinda sita, haina tabo (ile feni ya kusukumia injini hewa ya ziada). Siku nyingi inabeba vifaa vya kazi, na mara mbili tatu kwa mwezi inavuta tela linalokaribia tani mbili. Miaka yote nimekuwa nikitia RON 91, yaani petroli ya namba ya okteni 91, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa nyuma ya kifuniko cha tenki. Juzijuzi jamaa yangu akanishika sikio: "Unaitesa hiyo mashine. Itie 98 uone inavyoruka."

Nikatia. Na kweli niliiona inaruka! Kuna kilima nakipanda kila siku, siku ile nilihisi gari imekuwa nyepesi. Nikafika nyumbani namsimulia mke wangu kwa mikono miwili. Akaniuliza neno moja: "Umepima?"

Sikuwa nimepima.

Basi nikanunua daftari. Najaza mpaka bomba la pampu linajikata mara ya kwanza, naweka mita ya safari sifuri, natembea mpaka ibaki robo tenki, narudi kwenye pampu ileile, najaza tena mpaka ijikate mara ya kwanza, kisha nagawanya kilomita kwa lita. Bila tela, njia ileile ya kila siku. Tenki tatu za 91 zimetoka 8.3, 8.0 na 8.4. Tenki tatu za 98 zimetoka 8.2, 8.5 na 8.1.

Wastani: 91 imenipa kilomita 8.23 kwa lita, 98 imenipa 8.27. Hizo mita arobaini mimi nazimaliza nikizunguka kutafuta maegesho.

Naomba kueleweshwa. Ile nguvu ya kilimani niliota? Na kwenye tela hali ni hiyohiyo?

Kijiti

Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

TaboMbili

Mkuu daftari lako lina walakini. Mimi natia ya juu kwenye pikapu yangu tangu mwaka jana na gari inavuta hatari. Sihitaji hesabu, mguu wangu unajua. Ukitaka mashine idumu ilishe vizuri, hata binadamu ni hivyo.

FundiSpana

TaboMbili, mguu haujawahi kutoa ushahidi. Ngoja nieleze taratibu, mwenye haraka aruke.

Hili jina "ya juu" ndilo linalotupoteza. Watu wanaelewa kwamba ni petroli iliyokolea, kama chai iliyowekwa majani mengi. Namba ya okteni inapima kitu kimoja: petroli inavumilia kubanwa na joto kiasi gani kabla haijajilipukia yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Isookteni ilipewa 100, hepteni ikapewa 0. Petroli inapimwa kwenye injini maalumu ya silinda moja, ambayo kompresheni yake, yaani kiwango cha kubana, inapandishwa na kushushwa huku ikizunguka. Ikiitwa RON 95, maana yake imeanza kugonga, yaani kujilipukia hivyo, palepale ambapo mchanganyiko wa isookteni asilimia 95 na hepteni asilimia 5 ungegonga. Basi. Hakuna aliyepima nishati hapo.

Nishati ya lita moja ya petroli ni takriban megajuli 32, iwe ya kawaida au ya juu. Mkitaka kuona jinsi namba na nishati zisivyojuana, tazameni ethanoli: RON yake inakaribia 108, lakini lita yake ina kama megajuli 21 tu. Ndiyo maana gari linalotumia mchanganyiko wenye ethanoli nyingi linakula zaidi, japo haligongi.

Sasa ndani ya silinda. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 25. Moto hauwaki wote papo hapo, unatambaa kutoka kwenye plagi. Ukichukua milisekunde 2 kuenea, krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, imeshageuka nyuzi kama 29. Kwa hiyo plagi lazima ipige cheche mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Hiyo ndiyo taimingi. Wakati moto unatambaa, kuna petroli na hewa vimebaki pembeni havijaungua, pistoni inavibana kutoka chini na moto unavibana kutoka kati. Vikizidiwa vinalipuka vyote kwa mpigo. Utasikia kama kokoto ndani ya kopo la bati, hasa ukiwa gia kubwa, mwendo mdogo, mguu umezama.

Hapa nitofautishe. Gereji tukisema injini "imenoki" mara nyingi tuna maana beringi za konrodi zimekwisha, inapiga nyundo. Hiyo hata uitie mafuta ya ndege haitapona. Aliyeuziwa petroli ya juu kama dawa ya nyundo ameliwa hela.

Injini za sasa zina sensa ya kugonga, kidude kimefungwa kwa bolti moja ubavuni mwa bloku, kazi yake kusikiliza mtetemo. Kompyuta ikipewa taarifa inarudisha taimingi nyuma nyuzi kadhaa. Kokoto zinanyamaza, lakini nguvu nayo imepungua, kwa sababu sehemu ya moto inaungua pistoni ikiwa imeshaanza kushuka na joto linatokea kwenye ekzosi bila kusukuma kitu.

Kwa hiyo MvutaTela: okteni ya juu inakurudishia kile ambacho kompyuta ilikuwa imekunyima. Injini yako haina tabo, imetengenezwa kwa 91, na bila tela haikunyimwa chochote. Taimingi ilikuwa imeshafika mahali pake pazuri, na ukiizidisha hapo nguvu inashuka. 98 imekuta kazi imekwisha.

MvutaTela

Fundi, ubarikiwe. Kwa hiyo kile kilima?

FundiSpana

Ulikuwa na mzigo ule ule? Asubuhi au mchana wa jua kali? Injini ikivuta hewa ya baridi inapata oksijeni zaidi na haigongi ovyo. Halafu siku hiyo ulikuwa unaisikilizia gari. Mtu akishalipia zaidi, masikio yanafunguka na mguu unakuwa mzito bila mwenyewe kujua.

TaboMbili

Sasa fundi unataka kusema mimi mwaka mzima naota? Mbona nilivyohamia ya juu ulaji ulishuka kabisa?

FundiSpana

Siku uliyohamia ulifanya nini kingine kwenye gari?

TaboMbili

Servisi ya kawaida tu. Plagi, ea klina, oili. Na tairi mpya.

Kijiti

😂😂😂

TaboMbili

Sawa, nimeelewa mnachocheka.

DadaNjiaKuu

Nimesoma yote. Kaka MvutaTela, swali lako la pili halijajibiwa, na ndilo lenye utamu.

Yangu ni pikapu ya Ford F-150 yenye injini ya EcoBoost lita 3.5, tabo mbili, na kazi yake kuu ni tela. Kitabu chake kinaruhusu 87, ila kwa kazi nzito kama kuvuta tela kinapendekeza 91 au zaidi. Kabla hamjaruka: hizo ni namba za Marekani. Kule wanabandika wastani wa RON na MON, kipimo kingine cha okteni, na MON inapimwa kwa mazingira magumu zaidi kwa hiyo inatoka ndogo. 87 yao ni kama RON 91 au 92, na 91 yao ni kama RON 95 au 96. Kuna watu wanasoma majukwaa ya Wamarekani wakaona "91 ni ya juu", wakaenda kutia RON 91 wakidhani wamepanda daraja. Wametia ya kawaida ileile.

Nina kidude kinachochomekwa kwenye soketi chini ya usukani, kinanionyesha taimingi kwenye simu. Bila tela, barabara tambarare, nikitia ya kawaida au ya juu namba hazina tofauti ya kusimulia. Nikifunga tela nikaingia mlima mrefu mchana, kwenye ya kawaida naziona nyuzi zinaporomoka, zinapanda kidogo, zinaporomoka tena, na gia inashuka kutafuta nguvu. Kwenye ya juu zinashuka kidogo zinatulia.

Na hapa ndipo ulaji unapoingia. Taimingi ikirudi nyuma, ekzosi inachemka. Kompyuta inailinda tabo na katalisti (kisafisha moshi) kwa kumimina petroli ya ziada ipoze joto. Hiyo ziada haisukumi gari, inatumika kama maji ya kupoza. Kwa hiyo mlimani na tela unalipa mara mbili, nguvu unapungukiwa na petroli inaondoka.

Daftari langu la safari mbili zenye tela lileile: ya kawaida kilomita 4.6 kwa lita, ya juu 4.9. Safari mbili tu, na siku ya pili upepo ulikuwa mgongoni, kwa hiyo msiende kuapa kwa hizo namba. Ila kilichoonekana kwenye taimingi sikiwekei shaka.

Mpimaji

Umeeleza vizuri dada. Niongeze vipimo vya watu wenye vifaa kuliko sisi.

AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, mwaka 2016 walitia petroli ya juu kwenye magari yaliyotengenezwa kwa ya kawaida. Hawakuona faida ya maana ya nguvu wala ulaji. Mwaka 2017 wakachukua magari ambayo watengenezaji *wanapendekeza* ya juu bila kuilazimisha, na pikapu ilikuwemo. Hapo faida ilionekana: kwa wastani ulaji uliboreka asilimia 2.7 na nguvu za farasi ziliongezeka asilimia 1.4.

Sasa chukua kalamu. Kama petroli ya juu inauzwa ghali zaidi kwa asilimia 15, basi ikupe kilomita zaidi kwa asilimia 15 ndipo mfuko ubaki pale ulipokuwa. Asilimia 2.7 haifiki hata robo ya njia. Kwa hiyo anayesema natia ya juu ili *niokoe hela* hesabu inamkataa hata pale ambapo injini inafaidika kweli. Anayesema natia ya juu ili mlima usinitese na tela, huyo ana hoja.

Tena msihukumu kwa boneti. Chevrolet Silverado ileile: ukiikuta na V8 ya lita 5.3, kompresheni 11.0 kwa 1, kitabu kinataka ya kawaida. Ya lita 6.2, kompresheni 11.5 kwa 1, kitabu kinapendekeza ya juu. Ram yenye injini ya Hemi ya lita 5.7 wao wanapendekeza ya katikati, 89 ya Marekani. Pikapu tatu, majibu matatu. Neno la kutafuta kitabuni ni kama wanasema "inapendekezwa" au "ni lazima". Likiwa ni lazima usijadiliane na mtu.

Kijiti

Vipi zile chupa za kuongeza okteni? Moja imeandikwa inaongeza pointi 5.

FundiSpana

Pointi moja kwenye hizo chupa ni sehemu ya kumi ya namba. Pointi 5 ni nusu. Umetoka 91 umefika 91.5, hongera. Na zile zenye manganizi au chuma ndani yake, fungua plagi baada ya muda utaikuta nyekundu kama imeota kutu.

Mlezi wa Korola

Mimi siyo pikapu ila nauliza. Gari yangu ina kilomita nyingi, zamani 91 ilikuwa poa, siku hizi nikipanda mlima kokoto hizo nazisikia. Nikitia 95 zinaisha. Si ina maana gari ikizeeka inahitaji ya juu?

FundiSpana

Ina maana gari ikizeeka inahitaji kufunguliwa. Masizi yakijazana juu ya pistoni yanapunguza nafasi, kompresheni inapanda, na yenyewe yanashika joto kama kaa. Ringi zikichoka oili inapanda kwenye silinda, na oili ikichanganyika na petroli inashusha okteni yake. Valvu ya kurudisha moshi ikiziba, joto linaongezeka. Themostati ikikwama nayo vilevile. Hiyo 95 inakutulizia maumivu, tumia wakati unajipanga, lakini anza na maji ya rejeta na hiyo valvu.

Na wale watakaosema "ya juu inasafisha injini": sabuni ya nozeli ni kitu tofauti na okteni. Tangu 2004 kuna kiwango cha Top Tier kilichoanzishwa na watengenezaji wa magari, na kinataka sabuni iwekwe kwenye daraja zote za petroli za muuzaji, siyo ile ya ghali peke yake. Kuna wauzaji wanazidisha sabuni kwenye ya juu, sikatai. Hapo umenunua sabuni.

Tani10

Wakuu habari za muda huu. Mimi nina lori la dizeli, la kisasa, komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote). Nimesoma mpaka katikati nikapata mzuka. Tenki ilikuwa na dizeli kama lita 30, nimemimina petroli ya 98 lita 5 ili iamke. Sijawasha bado. Nitembee nayo taratibu au nikanyage?

FundiSpana

USIWASHE.

DadaNjiaKuu

Kaka Tani10 usiwashe, na ufunguo hata usiuzungushe. Kuna magari ukifungua swichi tu pampu ya kwenye tenki inaanza kusukuma mafuta mbele.

Tani10

Nimetoka kwenye kebini. Ufunguo nimempa tanboi ashike. Kwani kuna nini jamani, si 98?

FundiSpana

Hiyo 98 ndiyo ubaya wenyewe. Dizeli haina plagi ya cheche. Injini inabana hewa mpaka inakuwa moto, nozeli inapuliza mafuta, mafuta yanajiwasha. Kwa hiyo dizeli inatakiwa iwe *nyepesi* kujiwasha, na kipimo chake kinaitwa seteni, kinyume kabisa cha okteni. Kiwango cha Ulaya kinataka seteni isipungue 51, cha Marekani isipungue 40. Petroli yenye okteni kubwa ni ile iliyofundishwa kukataa kujiwasha. Umeiingizia injini kitu kinachobisha.

Na hilo ni dogo. Pampu ya presha ya komoni reli inalainishwa na dizeli yenyewe. Petroli ni kavu, inaosha ule utelezi, chuma kinasugua chuma, vumbi la chuma linakwenda kwenye nozeli zote. Utabadilisha pampu, reli, nozeli, na utaosha mabomba. Dizeli za zamani zenye pampu za kizamani zilivumilia petroli kidogo wakati wa baridi ya kugandisha, na labda ndiyo stori uliyosikia kwa wazee. Lako halimo.

Toa mafuta yote kwenye tenki. Badilisha filta. Jaza dizeli safi, toa hewa, ndipo uwashe.

Mpimaji

Na tukiwa hapohapo: mwenye lori la dizeli anayetafuta ulaji mzuri aanze na upepo wa tairi, breki zinazoshikilia, na mwendo. Ukivuka kilomita 80 au 90 kwa saa, hewa inakula mafuta yako kuliko kitu kingine chochote kwenye gari lenye kichwa kipana.

MvutaTela

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kimya.

Nimefanya kama dada alivyosema, nimeazima hicho kidude cha kuchomeka. Tela lilelile, matofali yaleyale (sikuyashusha kabisa wiki nzima, mke wangu alihesabu siku), kilima kilekile, saa nane mchana. Kwenye 91, nikiwa gia ya nne nimekanyaga, taimingi inarudi nyuma nyuzi tatu mpaka nne karibu na kilele. Kwenye 95, nusu yake. Nikajaribu 98, haikuwa na tofauti na 95. Yaani kwangu mimi mwisho wa mazungumzo ni 95, na ni kwa siku za tela peke yake.

Na kuna kitu kingine nimekigundua kwa bahati. Nilipokuwa naweka upepo kabla ya kipimo, tairi mbili za nyuma zilikuwa chini sana. Sasa sijui zilikuwa hivyo tangu lini, kwa hiyo lile daftari langu la mwanzo nalo lianze upya.

TaboMbili

Mkuu mguu wangu ulijua 😅

DadaNjiaKuu

Kaka, angalia pia tairi za tela. Hizo ndizo husahaulika.

Tani10

Wakuu nashukuru. Mafuta ya tenki yametolewa yote, yamejaza dumu mbili na kidogo yakabaki kwenye ndoo. Filta mpya, dizeli mpya, fundi amepampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha. Imewaka mara ya tatu, nikazima nikawasha tena nihakikishe. Mlio ni uleule wa siku zote.

Zile dumu nimeandika USITUMIE kwa rangi nyekundu pande zote nne. Tanboi ameshaniuliza kama haziwezi kufaa kwenye pikipiki yake.